Mwongozo Kamili wa Kutafiti Bioanuwai ya Miamba ya Matumbawe kwa Mwanasayansi Anayeanza

Mtafiti mpya wa miamba ya matumbawe huanza kuwaza mtungi wa hewa, kamera na boti. Vyote hivyo hupatikana, hata kwa kuazima. Kinachokwamisha kazi nyingi ni orodha ya majina ya spishi ambayo hata aliyeiandika hawezi kuitetea mbele ya wahakiki. Umeandika Pocillopora damicornis, tumbawe lenye matawi, mara mia mbili kwenye ubao wako wa kuandikia majini; ni nini kinachoonyesha kwamba zote mia mbili ni spishi moja?

Mwongozo huu unasimama juu ya wazo moja: jina la spishi ni dai, na kila dai linahitaji ushahidi ambao mtu mwingine ataweza kuukagua miaka kumi baadaye.

Hatua ya 1: Lipunguze swali hadi libebeke

Miamba ya matumbawe inafunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini inakadiriwa kuwa makazi ya takriban robo ya spishi za baharini zinazojulikana. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliiweka idadi ya spishi za seli nyingi miambani kwenye 830,000 hivi, na nyingi kati ya hizo hazijawahi kupewa jina. Mwaka 2011 watafiti waliochambua vipande vya matumbawe mafu kutoka sehemu mbalimbali za tropiki walitoa humo spishi 525 za kaa, kamba na jamaa zao, katika eneo ambalo ukilijumlisha halizidi mita za mraba 6.3.

Kwa hiyo anayeandika kwenye pendekezo lake kwamba atachunguza "bioanuwai ya mwamba" ameahidi kazi ya vizazi. Chagua kundi moja, kipimo kimoja cha eneo na ulinganisho mmoja. Mfano wa swali linalobebeka: je, idadi ya spishi za kaa wanaoishi kati ya matawi ya Pocillopora inafuata ukubwa wa koloni (tumbawe moja zima, lenye polipu nyingi zilizoungana), au inafuata kina cha maji? Swali hili linakwambia papo hapo utapima nini, utaenda kina gani, na ni kitu gani kingekuonyesha kwamba umekosea.

Amua pia ni anuwai ipi unayoizungumzia. Idadi ya spishi mahali pamoja, mabadiliko ya spishi kutoka mahali hadi mahali, anuwai ya kazi ambazo viumbe hufanya, na anuwai ya kijeni ni vitu vinne tofauti. Mwamba unaweza kupoteza kimoja na kubaki na kingine.

Kigezo changu cha kuchagua kundi ni cha kizamani kidogo: chagua kundi lenye ufunguo mzuri wa utambuzi na angalau mtaalamu mmoja aliye hai anayejibu barua pepe. Kundi la kuvutia lisilo na vyote viwili litakula miaka yako ya uzamivu.

Hatua ya 2: Usome mwamba kabla ya kuuona

Mwamba unaouona leo ni matokeo ya mambo yaliyotokea kabla hujafika. Miaka ya 1983 na 1984 ugonjwa uliwaua karibu urchini wa bahari wote wenye miiba mirefu wa spishi ya Diadema antillarum katika bahari ya Karibi. Hao ndio waliokuwa wakila mwani. Huko Jamaika, ambako samaki wala mwani walikuwa wameshavuliwa kupita kiasi na kimbunga Allen cha mwaka 1980 kilikuwa kimevunja matumbawe, mwani ulitanda, na matumbawe yaliyokuwa yakifunika zaidi ya nusu ya mwamba yakashuka hadi chini ya asilimia 5. Anayepima hapo bila historia hiyo anaweza kuibebesha joto lawama yote.

Kusanya rekodi za joto, dhoruba, uvuvi, na tarehe ambazo eneo lilifungwa au kufunguliwa. Angalia matukio ya kupauka kwa matumbawe duniani, yaani kugeuka meupe yanapopoteza mwani unaoishi ndani yake: 1998, 2010, 2014 hadi 2017, na lile la nne lililotangazwa Aprili 2024. Mpango wa Coral Reef Watch wa NOAA, taasisi ya bahari na angahewa ya Marekani, hutoa bure ramani za joto la bahari zenye vipande vya kilomita 5, pamoja na kipimo cha mrundikano wa joto kinachohesabiwa kwa nyuzi-wiki, yaani nyuzi za joto lililozidi kawaida zikijumlishwa wiki hadi wiki. Ukifika 4, tarajia kupauka kwa kiasi kikubwa. Ukifika 8, tarajia matumbawe kufa. Ila setilaiti husoma joto la juu ya maji. Kama swali lako linahusu kina, funga vipima joto vyako mwenyewe palepale unapofanyia kazi.

Hatua ya 3: Vibali

Anza mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, pamoja na matumbawe meusi na yale ya moto. Kipande kidogo cha tishu au mifupa kikivuka mpaka bila karatasi ni magendo, hata kama ni cha sayansi. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inagusa rasilimali za kijeni na mgawanyo wa manufaa yake; sampuli iliyochukuliwa bila ridhaa ya nchi husika inaweza kukuzuia kuchapisha.

Omba kibali cha utafiti, cha kukusanya, cha hifadhi kama upo ndani yake, na cha kusafirisha. Andika kwenye maombi njia ya kuua au kuhifadhi kiumbe, idadi ya juu na ukubwa wa kipande. Maombi yanayosema tu "sampuli chache" hurudishwa.

Hatua ya 4: Panga sampuli kana kwamba mhakiki amekaa mezani

Kosa linalojirudia ni kuhesabu marudio yasiyo marudio. Ukitandaza transekti (mistari ya tepu ambayo unahesabu kando yake) kumi kwenye mwamba mmoja uliolindwa na kumi kwenye mwamba mmoja unaovuliwa, huna sampuli ishirini za kujibu swali la ulinzi. Una miamba miwili. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliliweka jambo hili wazi mwaka 1984, na bado linaangusha miswada. Unachohitaji ni miamba kadhaa kila upande, sehemu kadhaa ndani ya kila mwamba, na transekti kadhaa ndani ya kila sehemu. Bajeti ikibana, punguza transekti kabla ya kupunguza miamba.

Chagua sehemu za kuanzia kwa namba nasibu ukiwa nchi kavu. Ukiziachia macho yako chini ya maji, utaweka tepu palipo pazuri, kwa sababu kila mtu huvutwa na palipo pazuri.

Kisha amua kama viwanja vitakuwa vya kudumu. Mwanaikolojia Joseph Connell alianza kupiga picha viwanja vya kudumu katika kisiwa cha Heron, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa kuwa kazi hiyo iliendelea kwa miongo mitatu, ilionyesha kuzaliwa na kufa kwa koloni mojamoja, jambo ambalo transekti za nasibu haziwezi. Viwanja vya kudumu vinakupa nguvu ya kuona mabadiliko. Vya nasibu vinakupa picha pana ya eneo. Mwanafunzi mwenye miaka mitatu na swali la mabadiliko achague vya kudumu, achukue majira-nukta, na apige picha za alama za njia zitakazompeleka hadi kwenye msumari wa kwanza unaoonyesha kiwanja. Kifaa cha GPS peke yake kinaweza kukuacha mita kadhaa kutoka mahali, na chini ya maji mita hizo ni nyingi.

Fanya jaribio dogo kwanza. Ukishapata tofauti kati ya transekti, ndipo unaweza kukadiria idadi unayohitaji.

Hatua ya 5: Jifunze majina kabla ya msimu wa kazi

Hapa ndipo ninapopendekeza utumie muda mwingi kuliko inavyokubalika kwenye ratiba nyingi.

Matumbawe hubadili umbo kufuata mwanga na mawimbi. Pocillopora iliyo kwenye ukingo unaopigwa na mawimbi huwa na matawi mafupi na manene. Iliyo ndani ya maji tulivu hurefuka na kuwa nyembamba. Ukiyaona pamoja utaapa ni spishi mbili. Kinyume chake pia kipo: koloni mbili zinazofanana kabisa kwa macho, zikipimwa DNA, zinatoka kwenye nasaba tofauti. Katika jenasi hii wataalamu hutumia kipande cha jeni ya mitokondria kiitwacho mtORF kuzitenganisha. Ile jeni ya COI inayotumiwa kama msimbo wa utambuzi kwa wanyama wengi haisaidii sana hapa, kwa kuwa kwenye matumbawe hubadilika polepole mno.

Maana yake kwa kazi yako ni hii: kuwa mkweli kuhusu ngazi unayoweza kuifikia. Tambua hadi jenasi kila palipo na shaka, na tumia alama za taksonomia zilizoko kwa ajili hiyo. "Acropora cf. hyacinthus" ina maana kwamba inafanana na hyacinthus lakini haijathibitishwa. "Acropora sp. 1" ina maana kwamba unaitambua kila unapoiona, ila hujui jina lake. Data ya ngazi ya jenasi iliyo sahihi ina thamani kuliko data ya spishi iliyobuniwa, ingawa kwenye jedwali ya pili hupendeza zaidi.

Njia ya kujifunza ni kupiga picha koloni hamsini hivi, kuzitambua, kuziweka kando wiki mbili, kisha kuzitambua upya bila kutazama majibu ya kwanza. Mpe na mwenzako picha hizohizo. Pale mnapotofautiana ndipo penye udhaifu wa data yenu, na kiwango hicho cha kukubaliana kinapaswa kuandikwa kwenye makala. Majina yote yapitishe kwenye WoRMS, hifadhidata ya majina ya viumbe wa baharini, ambayo hukupa jina linalokubalika sasa na namba yake ya kudumu. Majina ya matumbawe hubadilika kila mara.

Kwa samaki, ugumu mwingine ni urefu. Chini ya maji vitu huonekana vikubwa kwa kama theluthi moja. Uzito hukadiriwa kwa kanuni W = aL^b, ambapo W ni uzito, L ni urefu, na a na b zinapatikana kwenye FishBase, hifadhidata ya samaki, kwa spishi nyingi, na b huwa karibu na 3. Kosa la asilimia 10 kwenye urefu linakuwa kosa la asilimia 33 kwenye uzito. Kata mabomba ya plastiki ya urefu tofauti, yaninginize majini, na ujipime hadi makosa yako yatulie.

Hatua ya 6: Siku ya kazi majini

Panga tarehe kwa kutazama mwezi. Wakati wa bamvua mikondo ni mikali na maji huwa machafu. Maji mafu yatakupa saa nyingi zaidi za kazi nzuri. Fanya kazi zote za samaki ndani ya saa zilezile za mchana, kwa kuwa spishi nyingi hubadilisha tabia alfajiri na jioni.

Mpangilio ndani ya maji una sababu zake. Anza na samaki wakubwa na wenye woga, kama pono, kangaja na chewa, ukiwahesabu huku tepu ikifunguka nyuma yako, katika upana wa mita 5. Ukitandaza tepu kwanza kisha ukarudi kuhesabu, umeshawafukuza. Wakati wa kurudi, hesabu wadogo wanaokaa pamoja na mwamba, kama vifuu, katika upana wa mita 2. Baada ya hapo ndipo uje kwenye matumbawe, na mwishoni uinue mawe au uchukue sampuli.

Kumbuka kwamba hesabu ya macho huwakosa samaki wadogo waliojificha kwenye mianya. Utafiti wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba hao wadogo ndio karibu asilimia 60 ya nyama ya samaki inayoliwa na viumbe wengine miambani. Kama swali lako linahusu mtandao wa chakula, transekti ya macho haitoshi.

Kwa sakafu ya mwamba, picha za mraba kando ya tepu zimechukua nafasi kubwa ya kuandika kwa mkono. Piga kutoka kimo kilekile, kamera ikitazama chini wima, kipimo na namba ya kituo vikionekana. Baadaye utatupa nukta nasibu juu ya kila picha na kutaja kilicho chini ya kila nukta. CoralNet, tovuti ya kuchambua picha za matumbawe, husaidia kufanya hivyo kwa mashine iliyofundishwa na watumiaji. Iamini kwa makundi makubwa, uikague sana kwenye jenasi, na kwenye spishi rudi kwenye macho yako.

Andika hali ya koloni kwa makini, maana weupe una sababu nyingi. Tumbawe lililopauka limepoteza mwani wake wa familia ya Symbiodiniaceae, lakini tishu bado ipo: ukisogea utaona polipu, angavu kama kioo, na uso wenye utelezi. Lililoliwa na kiti cha pweza wa miiba, Acanthaster, lina mifupa mitupu, meupe pe, yenye mpaka mkali na sehemu iliyo hai. Mtafute mlaji chini ya koloni. Konokono wa Drupella huacha kovu linalopanda kutoka chini ya matawi. Mifupa ikishakuwa na utando wa kijani, kifo si cha jana. Kuziandika hali zote hizi "nyeupe" ni kutupa siku ya kazi.

Usalama hauna mjadala. Mbizi za kazi zinachosha kuliko za starehe kwa sababu akili iko ubaoni na si kwenye geji ya hewa. Gawaneni majukumu ili mmoja awe anatazama muda na hewa. Baada ya mbizi za kurudia, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Nahodha akisema hali si nzuri, siku imeisha.

Hatua ya 7: Sampuli, DNA na vielelezo

Kutoka kwenye kila koloni chukua ushahidi wa aina tatu ukiwa na namba moja: picha ya koloni nzima na ya karibu yenye kipimo, kipande kidogo cha tishu ndani ya ethanoli ya asilimia 95, na kipande cha mifupa kilichosafishwa kwa klorini ya nguo, kisha kusuuzwa na kukaushwa. Taksonomia ya asili imejengwa juu ya mifupa, ya sasa inategemea DNA, picha inaviunganisha. Badilisha ethanoli baada ya siku moja, kwani maji yaliyo ndani ya tishu huipunguza nguvu. Lebo iwe ya karatasi isiyoharibika, imeandikwa kwa penseli na kutiwa ndani ya chupa. Wino wa nje hufutwa na ethanoli yenyewe.

Peleka vielelezo kwenye makumbusho au mkusanyiko unaotunzwa. Kabati la maabara ya msimamizi wako si mkusanyiko. Likihamishwa, ushahidi wako umekwisha.

DNA ya mazingira, ile inayochujwa kutoka kwenye maji, inavutia na inastahili, hasa kwa samaki. Lakini majina yake ni mazuri kwa kadiri ya maktaba ya rejea tu, na spishi ambayo haijawahi kusomwa itarudi ikiwa na jina la jirani yake au bila jina. Chuja pia maji safi ya maabara kama udhibiti, kila siku ya kazi. Kwa wanyama wa mianyani kuna vifaa vya ARMS, sahani za plastiki za sentimita 22.5 kwa 22.5 zilizopangwa kama ghorofa, zinazoachwa miambani kwa mwaka au zaidi kisha kufunguliwa. Faida yake ni kwamba kila mtu duniani anatumia umbo lilelile, kwa hiyo matokeo yanalinganishika.

Hatua ya 8: Jioni ileile

Ingiza data kabla ya kulala, piga picha kila ubao kabla ya kuufuta, na uweke nakala mahali pawili. Kwenye jedwali, safu moja ni tukio moja. Usiache kisanduku kitupu kimaanishe sifuri leo na "hatukupima" kesho.

Hatua ya 9: Uchambuzi

Usilinganishe idadi ghafi za spishi kati ya sehemu zilizochukuliwa sampuli kwa juhudi tofauti. Tumia mikunjo ya upunguzaji sawia (rarefaction), inayokadiria idadi ya spishi kana kwamba juhudi zilikuwa sawa, na ni bora usawazishe kwa ukamilifu wa sampuli (sehemu ya jamii iliyofikiwa na sampuli) kuliko kwa idadi ya transekti. Kifurushi cha iNEXT katika R, programu ya takwimu, hufanya hivyo, na hutoa namba za Hill, ambazo nazipendelea kuliko fahirisi ya Shannon iliyoachwa mbichi, kwa sababu zinasomeka kama idadi ya spishi.

Chukua jamii ya spishi 10 ambamo moja ina asilimia 91 ya viumbe wote na tisa zilizobaki zina asilimia 1 kila moja. Namba ya Hill ya daraja 0, inayohesabu kila spishi sawa, ni 10. Ya daraja 1, inayoipa kila spishi uzito wa wingi wake, ni takriban 1.65. Ya daraja 2, inayozipa uzito zaidi spishi zilizotawala, ni 1.2. Mwamba mmoja, majibu matatu, na kila moja ni sahihi kwa swali lake. Toa yote matatu. Anayetoa la kwanza tu amemficha msomaji ukweli kwamba mwamba huo umetawaliwa na spishi moja.

Kwa kulinganisha muundo wa jamii, kifurushi cha vegan katika R kina PERMANOVA, jaribio la kupima kama makundi yanatofautiana kwa spishi zilizomo. Kabla ya kudai kwamba makundi yanatofautiana, pima kama tofauti inatoka kwenye mtawanyiko wa data ndani ya makundi. Na nukta ndani ya picha si marudio. Picha ndani ya transekti nazo si marudio huru. Modeli yako ioneshe ngazi zilezile ulizozipanga kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 10: Watu na uchapishaji

Utafiti wa matumbawe una tabia mbaya ya wageni kutua, kukusanya na kuondoka, huku wanasayansi wa pale wakitajwa kwenye shukrani. Kama unafanya kazi ugenini, mshirikishe mwanasayansi wa pale tangu kwenye swali. Kama wewe ndiye mwenyeji, dai nafasi yako kabla boti haijaondoka: kubalianeni kwa maandishi nani ataandika nini, nani mwandishi wa kwanza, na sampuli zitakaa wapi. Mazungumzo haya hukera yakifanyika mapema. Yakicheleweshwa huvunja uhusiano.

Makala ya kwanza si lazima iwe kubwa. Orodha ya spishi iliyo na vielelezo, au tathmini ya mbinu, hunukuliwa kwa miaka mingi. Jarida la Coral Reefs, la jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa miamba, ni lengo zuri kwa kazi iliyokomaa. Soma matoleo yake ya karibuni kwanza ili ujue wahakiki wanauliza nini.

Weka mifuatano ya DNA kwenye GenBank, hifadhidata ya wazi ya DNA, na rekodi za spishi kwenye OBIS, hifadhidata ya rekodi za viumbe wa baharini, kwa mfumo wa kuandika data wa Darwin Core. Mfumo huo una sehemu za aliyetambua kiumbe, tarehe ya utambuzi, alama ya shaka kama "cf.", na namba ya kielelezo, zijaze zote. Siku mtaalamu atakapokuandikia kwamba sp. 1 yako ina jina, au kwamba damicornis zako thelathini ni kitu kingine, tafuta namba za vielelezo, angalia picha na mifupa, na ukikubaliana naye andika jina jipya, jina lake kama mtambuzi na tarehe. Jina la zamani lihamishie kwenye sehemu ya utambuzi uliotangulia badala ya kulifuta, kisha uchambue upya ili uone kama hitimisho lolote limebadilika.